Mtoto Aliyeambiwa Hajui Kiswahili

Mimi kukaa siwezi. Wenzangu kliniki wananijua: nachunguza mtoto nimesimama, naandika nimesimama, chai inapoa juu ya kabati la vifaa huku nikizunguka chumba. Kazi yangu ni masikio, pua na koo za watoto, hapa Moshi, na wanaoletwa kwangu hawana tabia ya kungoja. Yupo aliyejitia punje ya hindi puani, yupo anayekoroma kama mzee, yupo anayetoka usaha sikioni tangu masika. Naangalia, naeleza, naita mwingine. Mama akianza kuniambia mwanawe "ni mzito tu wa kuelewa," namkatiza. Nasema apimwe masikio kwanza, ndipo tuzungumze uzito. Nimewakaripia akina mama wengi kwa jambo hilo, wengine mbele ya waume zao.

Nayasema haya ili ieleweke vizuri nilichomfanyia binti yangu mwenyewe.

Nilimwacha kwa bibi yake, Old Moshi, akiwa hajafikisha mwaka mmoja na nusu, nikaenda Dar es Salaam kusomea ubingwa. Baba yake anapandisha wageni mlimani, leo yupo kesho hayupo, kwa hiyo hapakuwa na mjadala mrefu. Mama mkwe alimpokea, akamfunga mgongoni kwa kanga, akaendelea kukata majani ya ng'ombe. Mimi si Mchagga. Wazazi wangu walitoka Kigoma kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule tambarare, nami nikakulia kambini, ambako makabila yote tulielewana kwa Kiswahili. Kichagga kilinipita. Ukweni mazungumzo yakinoga hugeuka Kichagga, na mimi nabaki nikitabasamu na kumenya ndizi.

Niliporudi alikuwa ametimiza minne na miezi kadhaa. Januari nikamteremsha Soweto, mtaa wa Moshi mjini tunakoishi, aanze chekechea. Namwita, haitiki. Namwambia alete viatu, ananitazama mdomoni, kisha analeta kitu kingine au haendi kabisa. Akinipa mgongo ndiyo basi tena, ni kama sipo nyumbani. Maneno yake yalikuwa machache, ameyakata nusunusu, mengine sikujua hata ni ya lugha gani. Nikahitimisha mwenyewe: huyu ni wa Kichagga, kalelewa na bibi, Kiswahili hana. Mwalimu wake naye akaandika kwenye daftari, "Mtoto haelewi Kiswahili. Tafadhali mzungumze naye nyumbani." Nilifura kwa hasira, maana niliona ninaambiwa waziwazi kwamba mtoto huyu sikumlea mimi.

Nikaanza kumsomesha Kiswahili asubuhi mpaka jioni, kwa sauti kubwa, neno moja moja. Kikombe! Mlango! Njoo! Kila wiki sauti ilipanda kidogo, kwa sababu nikipandisha niliona anashtuka na kunitazama, nikadhani somo linaingia. Majirani wa upande wa pili wa barabara nao walilipata somo hilo bila kuomba. Alikuwa analala mdomo wazi na kukoroma, nikasema ni baridi. Mtoto wa mtu mwingine ningemwangalia nyuma ya pua siku hiyohiyo.

Na niseme ukweli, nilikuwa na wivu. Kila Jumamosi tukipanda Old Moshi alishuka garini mbio, akamzunguka bibi yake kwa nyuma na kumparamia mgongoni. Mtoto wa miaka minne na ushee! Alijibana pale, shavu limegandamana na mgongo wa bibi, na hashuki mpaka chakula kiive. Bibi anasema jambo, yeye anacheka. Bibi anaimba, yeye anaitikia. Niliwahi kumwambia mama mkwe kwamba anamdekeza, kwamba miguu ya mtoto imeumbwa itembee. Alinijibu kwa Kichagga, kwa upole, nami sikuuliza maana yake. Niliona mtoto ameshachagua upande, na upande wenyewe si wangu.

Siku moja alitoka getini akaukimbilia mpira uliokuwa unaelekea barabarani. Nilimwita mara tatu kwa nguvu zangu zote. Hakugeuka. Bodaboda alimkwepa, akanitukana, akaenda zake. Nilimkamata mkono nikamzaba kofi, yeye akilia kwa mshangao wa mtu asiyejua kosa lake. Mshangao ule niliuona kabisa. Nikauita ukaidi, nikamwingiza ndani.

Jumamosi ya pili baada ya hapo tulikuwa Old Moshi kama kawaida. Mama mkwe alikuwa anakoroga mtori wa ndizi na nyama jikoni, jiko lile la kuni lililojitenga na nyumba, na mimi nilikuwa naenda mlangoni na kurudi, mlangoni na kurudi. Mtoto alichuchumaa nje kidogo ya kizingiti, ametugeuzia mgongo, anawarushia kuku punje za mahindi.

"Mwanangu, kaa basi, unanizungusha kichwa," mama mkwe akasema. "Nina neno nataka kukuambia, usikasirike."

"Sikasiriki, mama."

"Huyu mtoto mmemharibia Kichagga chake. Namwambia kitu ananiangalia tu, mpaka nimshike uso. Mmemjaza Kiswahili cha mjini, sasa hata mimi bibi yake hanielewi."

Nilisimama. "Mama, Kiswahili hajui. Mwalimu wake ameandika. Sisi tunajua anajua Kichagga peke yake."

Mwiko ukatulia ndani ya sufuria. "Kichagga gani? Alianza vizuri, akasema maneno, halafu akarudi nyuma. Nikajua ni baba yake, akishuka mlimani anamsemesha Kiswahili."

Tukatazamana. Miezi yote ile kila mmoja wetu alikuwa ameutazama ukimya wa mtoto akaona lugha ya mwenzake, na wote wawili tuliridhika na jibu hilo kwa sababu lilitupa mtu wa kumlaumu.

Nilichomoa ungo ukutani nikamwomba aushike mbele ya mdomo wake. Kliniki nina kadi kwa kazi hiyo, ili mtoto akigeuka asisome midomo. Nikamwambia amwite kwa Kichagga, kwa sauti ya kawaida, na amwambie kuna ndizi mbivu. Akasema. Mtoto aliendelea na kuku wake. Akarudia kwa sauti zaidi. Kuku mmoja alinyanyua kichwa, mtoto hakunyanyua. Nikasema mimi kwa Kiswahili, nikiwa hatua tatu nyuma yake. Hakuna.

"Ee Ruwa," mama mkwe akamwita Mungu kwa lugha yake, akaushusha ungo. Halafu akakataa. "Lakini nikimbeba anasikia! Nikimwimbia yuko mgongoni anaitikia wimbo wote. Ndiyo maana mimi sikuogopa."

Nilimwomba arudie. Alirudia. Nikatoka nikaingia kihambani, nikazunguka katikati ya migomba na mibuni mara mbili bila kujua natafuta nini.

Maana mimi nilijua maneno yale yanamaanisha nini. Sauti ina njia mbili za kufika ndani kabisa ya sikio. Moja ni tundu na ngoma ya sikio. Ya pili ni mfupa. Ngoma ikizuiwa na ute uliojaa nyuma yake, sauti za hewani hufika zimefifia, lakini mfupa hupitisha kama kawaida. Kila siku nagonga chuma kinachovuma na kukibandika kwenye mfupa nyuma ya sikio la mtoto wa watu, naangalia uso wake. Kipimo hicho binti yangu alijipima mwenyewe, kwa shavu lake, kwenye mgongo wa bibi yake uliokuwa unavuma kwa wimbo. Sikio la ndani lilikuwa zima. Nilifurahi mpaka nikashika mgomba, na papo hapo nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, kwa sababu mgongo ule ndio niliokuwa nataka ashushwe.

Nilirudi jikoni. "Mama, mimi ni daktari wa masikio, na mtoto wangu mwenyewe sikumwangalia masikio."

"Ungemwangalia lini?" akaniuliza. "Hukai."

Jumatatu yake nilimpeleka kliniki kama mama yeyote, nikapanga foleni, nikajibu maswali. Mwenzangu aliangalia: ngoma zote mbili zimefifia na hazichezi, na nyuma ya pua kuna nyama zimevimba hadi zimeziba njia. Ndizo zilizokuwa zinamkoromesha, na ndizo zilizosababisha ute ukwame. Alisema tusubiri kidogo tuone kama utakauka wenyewe, jambo ambalo mimi huwaambia wengine kwa utulivu mkubwa. Nilisubiri vibaya. Nilipima, nikapima tena, nikampigia mwenzangu simu saa za chakula. Ute haukukauka, ikapangwa siku ya upasuaji.

Mpasuaji hamgusi mtoto wake, kwa hiyo nilibaki kwenye korido. Mama mkwe alikuwa ameshuka na vazi lake la kanisani, ameketi kwenye benchi, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Mimi nilikwenda na kurudi mpaka muuguzi mmoja akaniomba nikatembelee nje. Zile nyama zilitolewa, ngoma zikatobolewa kidogo, ute mzito unaovutika ukafyonzwa, na kila sikio likawekewa kibomba cha kupitishia hewa, kidogo kuliko punje ya mchele. Nimeviweka vibomba hivyo kwa watoto wengi. Sikuwahi kujua muda ule ni mrefu kiasi gani kwa anayesubiri upande wa pili wa mlango.

Tulirudi naye Soweto. Siku ya tatu alikuwa sebuleni anachezea vifuniko vya chupa, na mimi nilikuwa jikoni, chapati iko motoni. Nikamwita aje ale. Sikufikiri, nilimwita kwa sauti ileile niliyomwitia tangu Januari.

Vifuniko vikaanguka. Alikuja mpaka mlangoni, viganja vyote viwili vimebana masikio, macho yamejaa machozi.

"Mama," akasema. "Kelele."

Nilizima jiko. Nilitaka kumwambia pole, nikafungua mdomo, nikagundua kwamba kwa mtoto huyu sina sauti nyingine. Za kunong'ona, za kubembeleza, za kusimulia, zote sikuwahi kuzitumia kwake. Ile aliyoizibia masikio ndiyo pekee niliyokuwa nimempa. Nikainama nikamwita tena, polepole, jina lake tu. Ilitoka imekwaruza, sauti ambayo hata mimi sikuizoea, na yeye akaondoa viganja, akanitazama mdomoni kuhakikisha kwamba anayeongea ni mimi.