Shingo na Lenzi Ndefu

Jina la Shingo hakupewa na wazazi wake. Alipewa uwanjani na watu wa kuruka na parachuti, na walikuwa na sababu. Shingo yenyewe ilikuwa nene, fupi, imekaa mabegani kama kisiki, na juu ya kisiki hicho mwenyewe alibeba kofia ngumu yenye kamera. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mtu akija kuruka kwa mara ya kwanza hufungwa kifuani mwa mwalimu, wakatoka ndegeni wawili kwa pamoja, na Shingo huruka kando yao akiwapiga picha kabla parachuti hazijafunguka. Mikono ana shughuli nayo, ndiyo inayomfanya aelee sawa. Analenga kwa kichwa, kupitia kipete kidogo kilichosimama mbele ya jicho lake, na kubonyeza anabonyeza kwa meno, maana swichi ya kamera anaiweka mdomoni. Akiuma, picha imetoka.

Wenzake wote walitumia lenzi pana, ile inayomeza kila kitu. Unamsogelea mteja mkono kwa mkono, unauma swichi, hukosi. Lakini lenzi pana ina fitina yake, jamani. Chochote kilicho karibu inakivimbisha. Pua inakuwa kiazi, paji la uso linatangulia, masikio yanabaki nyuma huko. Bibi harusi mmoja aliletewa picha zake akazitazama kwa adabu, kisha akauliza, "Na zangu ziko wapi?"

Shingo alichoka na aibu hizo. Akanunua lenzi ndefu, ya milimita themanini na tano, kama zile wanazotumia wapiga picha wa studio kutoa sura ya mtu ilivyo. Wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini. Na kwa kweli mwanzoni ilikuwa ni vituko. Lenzi ndefu inataka ukae mbali, hatua kama nane hivi, na ukigeuza kichwa kidogo tu mteja keshatoka kwenye picha. Msimu mzima Shingo alileta viatu, viwiko, nusu ya kisogo, na mawingu mazuri sana yasiyo na mtu. Tena ukiiachia lenzi ijitafutie yenyewe pa kuona vizuri, inakimbilia wingu. Kwa hiyo akajifunza kuipima chini kabla ya kupanda. Anamsimamisha mtu ukutani, anarudi nyuma hatua zake, anazungusha lenzi mpaka sura inakaa sawa, halafu anaibana kwa utepe mweusi isicheze. Baada ya hapo kazi ni moja, kukaa mahali pake. Akisogea, picha imekufa.

Alipoiweza, aliiweza kweli. Watu walipokea picha zao wakajitambua. Pale angani, nywele zimesimama, mashavu yamepigwa na upepo, lakini ni wewe, macho ni yako, hata mama yako angekujua. Wateja wakaanza kupiga simu kumuulizia yeye, na hapo kicheko cha wenzake kikapungua.

Sasa, hakuna kizuri kisicho na gharama. Parachuti inapofunguka, mwili unasimama ghafla, ila kichwa chenye mzigo wa vioo mbele kinataka kuendelea na safari. Lenzi ndefu ni nzito, na uzito wenyewe umechomoza mbele. Miaka ikapita, Shingo akawa anaamka asubuhi na vidole vimekufa ganzi. Daktari akamtundikia picha ya mifupa kwenye taa akamwonyesha pingili zilizolika.

"Acha," daktari alisema. "Sikwambii upunguze. Nakwambia acha. Siku moja itafunguka vibaya, na ukifika chini hutakuwa na mikono wala miguu ya kukusaidia."

Mkewe alikuwa amekaa pembeni, mkoba magotini. Watu wa uwanjani walimwita Mama Pacha, kwa sababu ya mabinti wao wawili waliokuwa wamekwisha kuolewa, na yeye ndiye aliyekuwa mkunjaji wa parachuti pale. Usione vyaelea, vimeundwa. Bandani kwake palikuwa na zulia refu la plastiki, feni moja inayolalamika, na yeye katikati, magoti chini, akipanga kamba, akikunja kitambaa, akikilalia kwa kifua ili hewa itoke, akikisukumiza kwenye mfuko wake kama mtu anayelazimisha godoro kuingia kwenye foronya. Parachuti ya mumewe hakumwachia mtu mwingine aiguse. Na pamoja na hayo yote, Mama Pacha hakuwahi kuruka hata siku moja. Ukimuuliza alikujibu, "Wote tukienda juu, nani atabaki na akili?"

Walipotoka kwa daktari, Shingo alitembea mpaka kona ya barabara, kisha akasema, "Mama Pacha, nitaacha. Ila niruke mara moja, ya mwisho, na wewe."

"Na mimi nani?"

"Nimepiga sura za watu wote wa mji huu. Nimepiga mahakimu, nimepiga wachinjaji, nimempiga hata yule mkaguzi wa kodi. Yako sina. Nataka sura yako, kule juu, na lenzi ndefu."

Mama Pacha alimtazama kwa muda mrefu, watu wanawapita. Halafu akakubali, shingo upande. Alichokubali hasa si kuruka, alikubali lile neno "ya mwisho". Kwa ajili ya neno hilo angeruka hata bila parachuti.

Na hapa ndipo mimi ninapotaka kumshika huyu bwana masikio. Kwa sababu juma hilo hilo bosi wa uwanja alikuwa amemwambia kwamba kuna kundi kubwa la wafanyakazi wa benki linakuja Jumamosi ya juma lijalo, na wote wanataka picha za lenzi ndefu. Shingo akajibu, "Nipo." Akajiambia, ya mwisho ni hii ya mke wangu, halafu hiyo ya benki ni ya mwisho kabisa, halafu tutaona. Sikio la kufa halisikii dawa. Naye hakumwambia mkewe.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, anga safi. Mama Pacha alikunja parachuti zote mbili mwenyewe, ya mumewe na ile kubwa ya kubeba watu wawili. Mwalimu wake alikuwa Godoro, jitu la miraba minne, lililoitwa hivyo kwa sababu aliyefungwa kwake hakuwahi kuumia akitua. Shingo alimsimamisha mkewe kwenye ukuta wa banda, akahesabu hatua zake kurudi nyuma, akazungusha lenzi, akaibana kwa utepe.

"Nitakuwa mbali," alimwambia. "Usiponiona usiwe na wasiwasi. Wewe tazama mbele, ucheke."

"Nicheke na nani?"

"Na Godoro."

"Godoro atakuwa mgongoni kwangu, Baba Pacha. Nitacheka na hewa?"

"Cheka tu, mke wangu."

Ndege ikapanda. Mama Pacha alikuwa amepauka uso, anasali midomo inacheza. Mlango ukafunguliwa, Shingo akatoka akaning'inia nje akishika chuma, upepo ukimchapa, na Godoro akasogea mlangoni na mzigo wake. Wakaachia wote pamoja.

Shingo akajirudisha nyuma mpaka mahali pake, jua likiwa mgongoni mwake, akatulia. Ndani ya kipete akamwona mkewe. Mwanzoni alikuwa amefumba macho. Akayafumbua. Shingo akauma swichi. Lakini Mama Pacha hakutazama mbele. Aligeuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akatazama chini kule, akarudi tena kushoto. Hakucheka. Mdomo wake ulifunguka, na japo katika ule mngurumo hakuna sauti inayosikika, Shingo alisoma jina lake mwenyewe midomoni mwa mkewe. Baba Pacha. Baba Pacha.

Basi, bwana wee, mtaalamu wa lenzi ndefu akasahau ufundi wote. Akakunja mikono, akaenda. Akazikata zile hatua nane akamfikia mkewe, akanyoosha mkono, akamshika vidole. Mama Pacha akamwona. Uso mzima ukafunguka, akacheka kwa meno yote, akacheka machozi yakiruka juu badala ya kushuka. Na Shingo, kwa mazoea ya meno, akauma, akauma, akauma. Kisha Godoro akatoa ishara, parachuti yao ikafunguka ikawavuta juu, na Shingo akaendelea kushuka peke yake. Yake ilipofunguka alisikia moto kuanzia kisogoni mpaka kwenye ncha za vidole, na kwa muda aliona giza.

Chini hakumwambia mtu. Alimpokea mkewe, akamfungua mikanda, wakakumbatiana, Godoro akapiga makofi. Halafu wakaingia bandani wote watatu kutazama picha kwenye kompyuta.

Zile za kicheko zilikuwa nyingi, na zote zilikuwa ukungu. Lenzi ilibanwa kwa hatua nane, na yeye alikuwa mkono kwa mkono. Meno yalikuwa doa jeupe, macho madoa mawili meusi, na nyingine ilikuwa na shavu tu.

"Loo!" Godoro alishika tumbo. "Kila siku unatuambia mpiga picha akisogea, picha imekufa! Wewe mwenyewe umesogea!" Akatoka nje akicheka ili akawahadithie wengine, na mapenzi ni kikohozi, hadithi ilikuwa imefika kwa rubani kabla kompyuta haijapoa.

Shingo hakucheka. Alikuwa anaumia kweli, shingo na moyo. Alirudisha picha nyuma mpaka ile ya kwanza, iliyopigwa kabla hajasogea. Hiyo ilikuwa imetoka. Kila unyoya wa nyusi ulionekana. Ila haikuwa sura aliyoitaka. Ilikuwa ya mwanamke ambaye macho yamemtoka, kidevu kimekaza, mdomo nusu wazi, anatafuta kitu mbinguni na hakioni.

"Uliogopa sana," Shingo alisema. "Nisamehe. Sikujua utaogopa kuanguka hivi."

"Kuanguka?" Mama Pacha alikuwa amesogeza kiti, anajitazama. "Parachuti nimekunja mwenyewe, nimefungwa kwa Godoro, niogope kuanguka? Nilikuwa nakutafuta wewe."

"Nilikwambia nitakuwa mbali."

"Uliniambia. Moyo haukusikia." Akagusa kioo cha kompyuta. "Hii ndiyo sura yangu, Baba Pacha. Ndege ikipanda nawe natoka hapa mlangoni natazama juu, nakuwa hivi hivi, mpaka nione parachuti yako. Hujawahi kuiona kwa sababu ukitua unanikuta nakunja na nacheka. Miaka yote hiyo."

Shingo alitazama ile picha. Alijua kusoma sura za watu, ndiyo kazi yake, na hii aliisoma yote, mpaka akaona aibu kuendelea kuitazama. Alitaka kusema neno, lakini bosi akachungulia mlangoni, ana haraka kama kawaida yake.

"Shingo! Wale wa benki wamethibitisha. Jumamosi asubuhi na mapema, na lenzi yako. Kama ulivyokubali, eeh?"

Feni ililalamika. Mama Pacha akageuka polepole akamtazama mumewe. Hakupandisha sauti wala nyusi. Macho yakamtoka kidogo tu, kidevu kikakaza, mdomo ukabaki nusu wazi, na Shingo akaiona sura ile ile, hai, kwenye kiti kilichogusana na chake.

"Hapana, bosi," alisema. "Sipo."

"Hupo vipi? Watu wamekutaka wewe!"

"Lenzi ipo, ichukue. Atakayeivaa nitamfundisha hapa chini mpaka aiweze. Mimi sirudi juu, Jumamosi wala siku nyingine. Nilipaswa kukwambia hivyo toka mwanzo."

Bosi akafungua mdomo, akamtazama Mama Pacha, akaona afadhali aufunge. Akaenda zake.

"Kwa hiyo ulikuwa umekubali," Mama Pacha alisema.

"Nilikuwa nimekubali."

"Ulinipandisha ndegeni kwa uongo."

"Kwa uongo, mke wangu. Ndiyo."

Mama Pacha akampiga kifuani kwa kiganja, pigo la pili likakosa nguvu, la tatu halikufika. Akaegemeza paji la uso pale pale alipokuwa anapiga, akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyekizuia kwa miaka mingi. Shingo hakuweza kuinamisha kichwa, maumivu yalimkataza, basi akamshika tu mgongo kwa mikono yote miwili.

"Nipo," alimwambia. "Usitazame juu tena. Nipo hapa."