Nimekunywa Maua ya Fatuma

Wenzangu, leo nimekunywa kazi ya mjukuu wangu.

Nichekeni kwanza, kisha mnisaidie.

Nimekwenda shuleni kwa Fatuma kutazama kasha la zawadi lililoshuka na meli ya moshi. Rangi, brashi, karatasi, sahani nyeupe za kuchorea. Watoto hawa walikuwa wakichora kwa makaa ya jikoni. Waliotoa, Mungu awazidishie.

Darasani hapana mtu. Mezani pana sahani, ndani imejaa mistari ya manjano iliyopindapinda.

Mimi kusoma sijui. Aya za zafarani kwenye sahani nyeupe, si ndilo kombe, mtu aoshe anywe apone? Na goti langu laniua tangu Ramadhani.

Nikatia maji, nikaosha, nikasema Bismillahi, nikanywa yote.

Fatuma akaingia. "Bibi, maua yangu yako wapi?"

"Maua gani?"

"Ya kuwapelekea waliotupa rangi. Meli yaondoka kesho, na manjano imekwisha."

Akalia.

Mjukuu wangu hatalia mbele yangu nikitazama tu. Nimekwenda nyumbani nikaleta zafarani yangu yote, hata ya pilau ya Idi. "Chora. Tutakula wali mweupe."

Amechora, na yamependeza kuliko yale niliyoyanywa.

Lakini hapa ndipo sielewi. Goti haliumi. Nimepanda ngazi bila kushika ukuta.

Sasa yule mwalimu aniandikiaye makombe akiniuliza nimepona kwa dawa gani, nimjibu nini?