Magamba ya Joka Niliyoyahifadhi

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuamini kwamba kitu kizuri hakitumiki mpaka kipatikane kizuri zaidi.

Kwenye kibanda cha gemu pale Keko, mie ndiye niliyeaminiwa kushika padi, kile kidude cha kubonyezea, tukicheza lile gemu la majoka. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kufa na kuanza upya. Ukiua mnyama unachukua magamba, kucha na mifupa yake, na mhunzi anakutengenezea deraya ya kujikinga mwilini na panga. Siku nilipoona ubavu wa nyoka ukigeuka upinde, vinyweleo vilinisimama.

Jumapili moja watu walijaa hadi mlangoni kuniona nikipambana na joka mkuu. Nilikuwa nimeapa kwamba nikishindwa, padi namkabidhi Salum, aliyezoea kukaa nyuma yangu. Joka akatokea, mabawa yakaziba kioo kizima. Nilimtazama kwa mshangao hata nikasahau kubonyeza. Akapuliza moto mara moja tu, mtu wangu wa kwenye gemu akawa majivu.

"Braza, hebu fungua mkoba wa mtu wako tuone," Salum akasema.

Nikafungua. Magamba ya dhahabu, pembe, kucha, vyote tele. Mwilini mtu wangu alikuwa na shati lile lile alilopewa gemu lilipoanza.

"Kha! Mali yote hiyo, halafu unamkabili joka na shati?"

"Nilikuwa nasubiri gamba lisilo na doa," nikajibu, na kibanda kizima kikaangua kicheko.

Siku hizi padi anashika Salum. Mie nakaa nyuma yake, na akiokota gamba, hata lenye ufa, namwambia alipeleke kwa mhunzi kwanza.