Pakiti za Bunda Zilizopotelea Butiama

Siku yangu ya kwanza kazini Musoma kama fundi wa mtandao, hata kiti sijakalia, meneja alinionyesha mtu wa kulaumu. "Mtandao ni mzima, kijana. Mbovu ni yule Bhoke wa Bunda. Mvivu! Ijumaa namfukuza."

Soko la pamba lilikuwa limefunguliwa, kampuni binafsi zimeingia kwa fujo. Yetu ilinunua pamba Bunda. Bhoke, mjane mwenye watoto, ndiye aliyeingiza uzito wa magunia kwenye kompyuta pale kituoni Kabasa, hukohuko Bunda, taarifa zikatufikia Musoma kwa mawimbi ya redio kupitia mlingoti wa Butiama. Jioni kompyuta yake ilikuwa inagandaga. Wakulima wamepanga foleni, wanamtukana yeye.

Sasa vijana, sikilizeni. Kompyuta haitumi taarifa nzima. Inaikata vipande, ndizo pakiti, na kila pakiti inasubiri jibu kwamba imepokelewa. Jibu lisipokuja, inatumwa tena. Likikosekana tena, inangoja zaidi ndipo irudie. Wewe unaona skrini imeganda tu! Ipo programu ya kunasa pakiti zikipita. Niliiwasha Musoma, nikaenda kuiwasha na Bunda.

Bhoke alinipokea kakunja uso. "Na wewe umetumwa kunifukuza?"

"Nimetumwa kutazama, dada."

"Basi kaa mpaka jioni. Asubuhi hainaga shida."

Jioni nikaona. Pakiti ilitoka Bunda pale pale alipobonyeza. Ikatoka tena ileile, na tena. Nilipolinganisha na Musoma, kule ilifika ya mwisho peke yake. Mama wa watu hakuwa mvivu hata kidogo! Pakiti zilikuwa zinapotelea njiani, na njiani ni Butiama.

Nikaenda. Jamani! Mlingoti umesimama katikati ya zizi. Ng'ombe wanarudi machungani, wanajikuna kwenye mlingoti kwa zamu, antena juu inayumba, mawimbi yanakosa shabaha.

"Zizi la nani hili?" nikamuuliza mlinzi wa kampuni.

"La meneja. Alisema nikilinda mlingoti, nalinda na ng'ombe."

Nilimwekea meneja ushahidi mezani: zilizotoka Bunda, zilizofika Musoma. Nikamwomba ahamishe zizi.

"Ng'ombe wangu hawajui kompyuta," akasema. "Na barua ya Bhoke nimeshasaini."

Hivyo tu! Bhoke akaondoka. Kiti chake akakalia mpwa wa meneja. Jioni ya kwanza kompyuta ikamgandia, wakulima wakamtukana. Wiki haikuisha, zizi likahamishwa.

Nimestaafu, lakini nikimsikia fundi anasema mtumiaji ndiye tatizo kabla hajanasa hata pakiti moja, presha inanipanda. Tazama kwanza, wewe! Kuna mtu anakula kwa kazi hiyo.

Majuzi nilimkuta Bhoke sokoni Bunda, anauza sato.

"Wale ng'ombe walihamishwa?" akaniuliza.

"Walihamishwa."

"Lini?"

Nikamwambia. Akacheka, akanifungia samaki wangu. Mimi nilifika nyumbani nimevimba kwa hasira, sikuweza hata kumla yule samaki.