Chetezo Kibaki Nje

Sikwenda Durban kutembea. Nilikwenda kwa sababu ya kisima, na kisima chenyewe si cha Durban, ni chetu sisi hapa Mikindani.

Majirani wanakijua. Kiko nyuma ya makaburi ya wazee wetu. Maji yake tunayanywa, tunatawadhia, na siku ya mtu ikifika anaoshwa kwa maji hayo hayo. Kampuni moja ya kutafuta gesi ilitaka kutoboa shimo la kujaribia karibu nacho. Gesi wanayoitafuta si ile inayopanda yenyewe ukiifungulia njia. Hii imebanwa ndani ya mwamba, na lazima mwamba upasuliwe huko chini kwa maji ya nguvu yaliyotiwa mchanga na dawa. Kaka zangu wawili walikwisha kukubali. Lilibaki neno langu, maana fungu la mama katika ardhi ile liko kwangu, na bila mimi hakuna shimo. Kaka Hamadi hakuzunguka. "Mwana," aliniambia, "usitutilie mchanga kitumbua."

Nami, kusema kweli, nilikuwa karibu kukubali. Ndipo akanipigia simu Sharifa, binti wa mama yangu mdogo. Sharifa aliolewa Durban zamani, katika ukoo wa wale ambao huko wanaitwa Wazanzibari, Waislamu ambao mababu zao walipelekwa kule kutoka pwani zetu hizi.

"Dada, huku kwetu wameshatoboa," alisema. "Njoo uone kwanza, ndipo useme ndiyo."

"Nije nione nini?"

"Njoo tu. Haya si ya kwenye simu."

Sharifa ni mwosha maiti. Mtu wa kazi ile akikwambia kuna jambo halisemeki, unafunga mzigo.

Safari ya kwenda haikuwa na visa vingi. Basi hadi Dar es Salaam, ndege hadi Johannesburg, kisha basi tena. Mabasi ya kule yanakwenda kimya. Abiria wanatazama mbele na nyaya masikioni, nikakosa hata wa kumuuliza jina la mto. Milima ikaja ikapita, nchi ikaanza kuteremka, na mwishowe nikaziona winchi za bandari ya Durban, na bahari nyuma yake. Bahari ni ile ile yetu, lakini sikuitambua.

Alasiri, kituoni, Sharifa alinilaki na dereva anayempeleka kwenye kila mazishi, Mkongo mnene mpole wanayemwita Papa Dede.

"Karibu, mama," alisema akinipokea begi. "Safari ilikuwa muzuri? Hapa Durban iko kila kitu. Iko bahari, iko kazi kidogo, iko moshi mingi."

Nyumba ya Sharifa iko Bluff, ile rasi iliyoikumbatia bandari. Tulipitia Jacobs, kwenye viwanda vilivyobanana ukuta kwa ukuta, na harufu ikaingia garini, harufu ya yai viza na plastiki iliyoungua. Nikaziba pua kwa ushungi.

"Harufu gani hii?"

Sharifa akanigeukia. "Harufu ipi?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Papa Dede alicheka mpaka robot, ndivyo wanavyoziita kule taa za barabarani, ikawaka kijani na magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Mimi kicheko hakikunijia. Tulisoma madrasa moja, mimi na Sharifa, tukafundishwa pamoja kwamba maji ni safi maadamu hayajabadilika rangi, ladha wala harufu. Kila maiti anayepita mikononi mwake, maji yake yeye ndiye anayeyatazama, anayeyaonja na kuyanusa. Na pua yake ilikuwa imekwisha zoea Jacobs.

Jioni, juu ya chai na mikate ya kumimina, alinisimulia. Ukoo wa mumewe una shamba milimani, mwendo wa kutosha kutoka mjini. Huko ndiko makaburi yao yaliko, na kisima, na chumba kidogo cha kuoshea maiti chenye tangi la maji ndani. Ng'ambo ya uzio kampuni ilikuja, ikatoboa, ikaondoka. Baada ya hapo akafariki Bi Zuhura, mama mkwe wake.

"Tulipomfungulia maji, chetezo kikaingizwa kama desturi," alisema Sharifa. "Dada, ikapita nuru juu ya maji. Ya buluu. Haina mlio. Ikatembea juu ya tangi mpaka pembeni, ikazimika."

"Mkafanya nini?"

"Wanawake wakapiga takbir. Bi Zuhura alikuwa mtu mwema, nani ashangae?"

Habari ikaenea kwamba marehemu wa pale wanashushiwa nuru. Watu wakaanza kuusia waoshwe kule shambani. Mwanamke wa pili naye akapata nuru yake, na huyo pia alikuwa mcha Mungu. Kisha akaletwa mwanamume mmoja.

Sharifa alisita, akageuza kikombe. "Sipendi kumsengenya maiti. Lakini yule aliwadhulumu yatima nyumba, na hakuna asiyejua. Naye akapata. Tena yake ilikuwa kubwa kuliko zote. Shemeji yangu Yusufu, nduguye mume wangu, ndiye aliyekuwa anamwosha. Eish, dada, mpaka leo hana nyusi."

Nikataka kucheka, nywele zikanisimama badala yake. Usiku ule kila Sharifa alipofungua bomba jikoni nilishtuka, ingawa maji ya Bluff hayana uhusiano wowote na ya shambani.

Asubuhi, kabla hatujamaliza chai, simu ikalia. Bi Rukia, wa ukoo ule ule wa mume wa Sharifa, alikuwa amefariki alfajiri, na aliusia aoshwe shambani. Sharifa akavaa buibui lake la kazi. Papa Dede akaja na gari.

Njiani ukungu ulikuwa mzito, tukawa tunapanda ndani yake kama tunaingia kwenye pamba. Papa Dede alizima redio akasema:

"Mama, mi nasikilizaka habari ya French kila siku. Bafaransa balikataza hii kitu kwabo. Kupasula majiwe ya chini juu ya kupata gaz, balisema non, na sheria iko. Banaogopa maji yabo. Donc, kama kule iko mubaya, huku inakuwa muzuri namna gani?"

Nilimkumbuka yule kijana wa kampuni aliyekuja Mikindani na viatu vizuri, akatuambia kwamba mitambo yao inatoka Ulaya, kwa hiyo tusiwe na wasiwasi. Tuliitikia sote kwa vichwa.

Shambani tulifika ukungu bado haujainuka. Kitu cha kwanza nilichokiona ni bomba la chuma, limesimama peke yake ng'ambo ya uzio, limefungwa kifuniko na kukazwa kwa nati. Hapakuwa na mtu wala mashine, ila uwanja wa kokoto na bango la kukataza watu wasiingie. Nilitarajia kelele. Ule ukimya ulinitisha zaidi, kwa sababu ndani yake nilisikia kitu kingine, nikamwuliza Sharifa ni nini.

"Kisima," alisema.

Kilikuwa kimefunikwa bati. Tulisogea. Chini ya bati mlisikika pumzi, ikija na kukatika, kama mtu anayetaka kuanza kusema halafu anaghairi. Yusufu alikuja, mrefu, wa heshima, uso wake bila nyusi ukiwa na mshangao usioisha. Akaliinua bati kidogo. Maji yalikuwa yanachemka. Nikatumbukiza mkono kwenye ndoo iliyotekwa, yakawa baridi kama ya mtungini. Nikayanusa, hayakuwa na harufu. Nikayaonja, matamu. Rangi, hakuna. Sifa zote tatu zilikuwa mahali pake, na bado sikutaka kuyameza. Niliyatema kando, kwa adabu, wasinione.

"Shemeji, yalianza lini haya?" nilimwuliza Yusufu.

"Baada ya wale kuja. Lakini walipima, shemeji. Wakasema gesi kidogo ipo, na kwamba ilikuwapo chini huko tangu zamani."

"Kabla hawajatoboa, nani aliyapima?"

Yusufu alitazama bomba lile ng'ambo ya uzio. "Nani apime maji ya babu yake?" alisema.

Nikaona jinsi walivyofungwa kitanzi. Wao wanasema maji yamebadilika, kampuni inasema yalikuwa hivyo, na hakuna aliyekuwa na kipimo cha maji yalivyokuwa. Na sisi Mikindani hatukuwa tumepima hata tone.

Kabla ya adhuhuri mwili wa Bi Rukia ulifika. Sharifa alikwisha fungua mlango na dirisha la chumba cha kuoshea, na akaagiza chetezo kibaki nje, mbali. Ndipo akaja Salma, binti wa marehemu, macho yamevimba kwa kulia, amebeba chetezo kinachotoa moshi wa udi kwa mikono miwili.

"Udi hauingii, mwanangu," Sharifa alimwambia.

"Kwa nini hauingii?"

"Hauingii. Weka pale."

"Bi Zuhura aliingiziwa." Sauti ya Salma ilipanda. "Na yule dhalimu aliingiziwa, naye akapata nuru. Kwani mama yangu ana kasoro gani? Mnataka watu waseme alioshwa gizani?"

Nilimwona Sharifa akimtazama Yusufu aliyesimama uani na wanaume. Nilielewa kinachomkwaza. Akisema kweli kwa ajili ya mwili ule mmoja, anamvua mama mkwe wake karama mbele ya watoto wake. Asiposema, Salma ataingia na moto kwenye chumba kile, akiwa na mama yake na sisi sote ndani.

Sharifa akachukua chupa tupu ya mafuta ya kupikia. Akaitia maji nusu kutoka kisimani, akaiziba kwa kidole gumba, akaitikisa. Akatoka mbali katikati ya uwanja, peke yake, akatuzuia kwa mkono tusimfuate. Akawasha kiberiti, akaondoa kidole.

Mwali wa buluu ulisimama kwenye mdomo wa chupa. Ulikuwa mdogo, kimya, mzuri. Ulicheza kidogo ukazimika.

"Salma," Sharifa aliita, "chupa hii imeswali lini? Imefunga Ramadhani ngapi?"

Hakuna aliyepiga takbir. Mwanamke mmoja karibu nami alianza kulia taratibu. Salma aliitazama ile chupa, akakitazama chetezo mikononi mwake kama kitu kilichotaka kumwuma, akaenda kukiweka kwenye nyasi, mbali na mlango.

Yusufu alikuwa amesogea. "Na mama?" aliuliza. Mtu mzima yule aliuliza kama mtoto.

"Mama alikuwa mwema kabla ya gesi, shemeji," Sharifa akamjibu.

Papa Dede akaenda mjini kuleta madumu ya maji, na Bi Rukia akaoshwa kwa maji ya bomba la Bluff, milango wazi, bila nuru yoyote. Nilisaidia kummiminia. Nilikuwa naogopa mno, nasema wazi, lakini aling'aa kama maiti yeyote aliyeoshwa na mikono mizuri.

Safari ya kurudi niliiona fupi. Sharifa alinisindikiza hadi kituoni, akaninong'oneza kwamba hataki tena kuoshwa shambani siku yake ikifika, na kwamba hajui amwambie vipi mumewe. Tulishikana mikono mpaka dereva wa basi akaudhika.

Mikindani nilikuta msiba. Bi Somoe, jirani yetu, alikuwa amefariki, na maji yake ya kuoshewa yalikuwa yanatekwa kisimani kwetu. Sikupata hata kufungua begi. Nikapewa chetezo nikipeleke ndani, kazi niliyoifanya tangu usichana wangu bila kufikiri.

Mlangoni nilisimama. Waliokuwa ndani walinisubiri, waliokuwa nje walinitazama. Kaka Hamadi, aliyekuja na ndoo ya mwisho, akasimama nyuma yangu. Alikuwa akilisubiri jibu langu siku zote hizo.

"Unaogopa maiti, Mwana?" aliniuliza kwa upole.

"Siogopi maiti," nilimwambia. "Naogopa maji."

Nikaingia. Nilikiweka chetezo chini, karibu na pipa lililojaa, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, moshi wa udi ulikuwa unapanda polepole hadi kwenye makuti, kama siku zote. Hakikutokea kitu. Maji yalitulia ndani ya pipa, meusi kwa kiza cha chumba, yakionyesha uso wangu. Nililia pale pale, na watu wakadhani namlilia Bi Somoe.

Nilipotoka, Hamadi alikuwa bado mlangoni. Nilimweleza habari ya chupa, na ya wale ambao hawakupima, na ya Yusufu aliyeuliza "na mama?" Akasikiliza, akang'ang'ania bado kwamba kwetu huenda isiwe hivyo, kwamba wataalamu wapo.

"Leo nimeingia na chetezo," nikamwambia. "Na mimi siku yangu ikifika, nataka kiingie."

Akainama, akaokota ndoo yake. Hakuniuliza tena kuhusu lile shimo.