Boti ya Mume Wangu Ziwani Rukwa

Nilikuwa nimerudi kwetu Isansa kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu wazee walikuwa wameniambia nivumilie. Mume wangu, mwenye malori pale Tunduma, akaja na jipya: twende Ziwa Rukwa, tutembee na boti ya faiba aliyoinunua Zambia, tuzungumze wawili tu. Nikiridhika, nirudi kwake. Nisiporidhika, basi. Nilikubali kwa shingo upande.

Miaka ile ya biashara huria, mtu akipata vijisenti lazima aonekane. Alivaa miwani ya jua na kofia ya nahodha, na kuogelea hajui. Hata mimi sijui.

Tulipita chini ya magenge matupu, hakuna kijiji wala moshi. Ziwa lenyewe lina sura mbaya: maji ya tope, miti iliyokufa imesimama humo humo, mamba wamejianika ukingoni. Wavuvi wa pale tulipopandia boti walikuwa wamemwonya asisogelee nchi kavu kwa kuwa maji yamepungua. Aliwajibu, "Nyie na mitumbwi yenu!" Mazungumzo yenyewe hayakuwepo. Tangu asubuhi alinisimulia nguvu za injini.

Halafu tukakwama kwenye matope.

"Shuka usukume," akasema.

"Na mamba?"

"Mamba wako kule. Fanya haraka."

"Si ushuke wewe? Wewe ndiye mzito."

"Nikishuka, injini atashika nani?"

Nilimchukia, na sioni haya kusema. Nilishuka, matope yakanifika mapajani, nikasukuma huku nalia kwa hasira. Boti ikachomoka. Akaipeleka hadi penye kina, akanipigia kelele nifuate ukingo, atanichukua mbele. Nilitembea kweli, ila nilirudi tulikotoka. Wavuvi wakanisaidia kufika Galula, na kesho yake nikapata pikipiki ya kunipeleka nyumbani.

Wiki iliyofuata alikuja na mbuzi, akawasimulia wazee yote huku anacheka, kana kwamba ni kituko changu. Baba akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mkwe," akamuuliza, "na kama mamba angemkamata?"

Mume wangu hakufikiri hata kidogo. "Baba, afadhali yeye. Angenikamata mimi, ile boti ingerudishwa na nani?"

Wazee wakatazamana. Tangu siku ile hakuna aliyeniambia tena nivumilie.