Mpelekee na Kisu

Usiku ule nililala na chembe za oti kwenye kucha, kwa sababu sikuwa na moyo wa kunawa vizuri. Mkate mwingine ulikuwa umeniharibikia. Niliufunika kwa kawa chini ya meza ya jikoni, mahali ambapo Babu hainami kutazama, nikajiambia asubuhi nitawamegea kuku wa jirani kama nilivyowamegea ile mingine.

Niseme ukweli. Siwezi kumwekea mtu chakula ambacho mwenyewe sijakiridhia. Kuoka sikufundishwa na mtu, nimejifunza kwa kutazama video kwenye simu, na huko kila mkate hutoka umeumuka na rangi yake kama asali. Wangu nauoka kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, kama alivyokuwa akifanya Bibi. Juu unakubali. Chini unaungua. Na mkate wa Bibi nimeulia utoto wangu wote, sikumbuki hata siku moja ukiletwa mezani umeungua.

Tangu tumzike Bibi, Babu alikuwa hataki chakula. Chai kavu asubuhi, chai kavu jioni. Muuguzi wa kliniki ya kisukari alituambia tupunguze unga mweupe, tumzoeze oti, zile chembe bapa za kupikia uji. Uji aliuonja, akanirudishia bakuli. Ndipo nikasema nitamwokea mkate wa oti, maana mkate ndicho kitu alichokuwa akikipenda. Mkanda wake ulikuwa umefika tundu la mwisho, na mimi bado nautafuta mkate usio na kasoro.

Basi nikalala, na mara nilikuwa jikoni. Jikoni kwenyewe kulikuwa uani, na ua hauna ukuta. Sufuria iko motoni. Makaa juu ya mfuniko ni mekundu lakini hayana joto. Najua mkate unaungua, ila nimejaza oti viganja viwili, zinachuruzika katikati ya vidole na haziishi, na ninaona nikiziachia kutatokea jambo baya. Nyuma ya mlango kuna kitu kinakwangua. Kwaru. Kwaru. Kinanyamaza kama kinasikiliza, kisha kinaanza tena.

"Mlango uache," mtu anasema.

Bibi ameketi kwenye kigoda. Amejifunga kanga yake ya jikoni, ile yenye tundu la cheche karibu na goti. Nataka kumwamkia, nasita. Kwetu husemwa marehemu akikujia na kuulizia chakula, ana dai lake kwa walio hai.

"Mke mwenzangu," ananiita. Ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo, maana kwa utani wa kwetu mjukuu wa kike ni mke mdogo wa babu yake. Lakini safari hii hacheki. "Mume wetu amekula nini?"

"Chai."

"Nionyeshe mkate."

"Bado haujawa sawa, Bibi."

"Nimekuuliza kama uko sawa?"

Anaokota kaa la moto kwa vidole, analiweka pembeni, na hapo sipo tena uani. Nipo kwenye chumba tulichokaa matanga. Mikeka imetandikwa chumba kizima na watu wote wameondoka, isipokuwa Babu. Ameketi katikati na sahani tupu mbele yake, amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Mkate ninao mimi, nimeuficha ndani ya kanga. Naugeuza niangalie palipoungua. Nikiinua macho, mikono ya kanzu imemfunika vidole. Naugeuza tena, labda nikibandua kidogo hapa pembeni. Mabega yake yamezama kwenye kola. Nimeshaelewa kwamba kila ninapougeuza anapungua, na bado naugeuza. Kwaru, kwaru, sasa ni ukutani, sasa ni chini ya mkeka, karibu na miguu yangu.

Bibi amesimama nyuma yangu. Ananitia kitu mkononi, nami nakitambua kabla sijakitazama: kisu chake chembamba, chenye mpini uliozungushwa raba, ambacho tangu mazishi kilikuwa kimening'inia kwenye msumari wa jikoni na hakuna aliyekigusa.

"Mpelekee," anasema. "Na kisu."

"Kisu cha nini, Bibi?"

Babu amekuwa mdogo kama mtoto wa kuogeshwa kwenye beseni, na mimi nimesimama mbele yake na kisu, na miguu haitaki kwenda.

Nikaamka. Shuka ilikuwa imelowa jasho. Kulikuwa kunapambazuka, na ng'ambo ya ukuta Babu alikohoa. Kikohozi cha mtu mzima. Sikungoja akili initulie, kwa kuwa ningeingoja ningeanza kukanda mkate mwingine. Nikauvuta ule mkate chini ya meza, nikakitoa kisu kwenye msumari, nikabisha hodi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mke wangu." Aliketi kitandani, akakitazama nilichoshika. "Umekuja kunichinja?"

"Nimekuletea mkate. Umeungua chini."

Aliupokea kwa mikono miwili, akaupindua. Aliutazama ule weusi muda mrefu, mpaka nikanyoosha mkono niuchukue.

"Kama wa mwenyewe," akasema.

Akakitwaa kisu, akaupakata mkate mapajani, akaanza. Kwaru. Kwaru. Vinyweleo vilinisimama mikononi, kwa sababu nilikuwa nimeisikia sauti ile usiku kucha.

"Bibi yako hakuwahi kutoa mkate ambao haujaungua," Babu alisema, bado anakwangua. "Mimi nakwangua uani, ninyi mnaletewa msafi, mnamsifu yeye. Naye alikuwa akiniambia, wewe kazi yako nini humu ndani kama si hiyo?"

Alimega kipande, akatafuna polepole. Akamega cha pili, akanisogezea.

"Kula, wacha kunihesabia vipande."

Chembe nyeusi zilikuwa zimedondoka kwenye shuka nyeupe niliyoifua jana yake. Nikaziacha.